Shahidi wa Asiyesema: Nasaha kwa Atakaye Kazi ya Ukaguzi wa Ustawi wa Wanyama

Aliyeibiwa huenda polisi kwa miguu yake mwenyewe, mgonjwa humweleza tabibu mahali panapomuuma, na kibarua aliyedhulumiwa ujira wake hujua mlango wa kubisha. Lakini punda aliyechubuliwa bega na nira mbaya, au ng'ombe aliyeanguka ndani ya lori akakanyagwa na wenzake njia nzima tangu Shinyanga mpaka Dar es Salaam, hana mlango wa kubisha wala ulimi wa kushitakia. Mkaguzi wa ustawi wa wanyama ndiye aliyewekwa na sheria mahali pa ulimi huo. Nataka basi kumwambia mapema kijana anayeitamani kazi hii, awe mwanamume au mwanamke, kwamba hatatakiwa kwa sababu ya kuwapenda wanyama, ingawa ni heri awapende, kwani wapenzi wa wanyama ni wengi na aghalabu hawafai kitu mbele ya hakimu. Atatakiwa awe shahidi, na yote atakayofundishwa, ya darasani na ya zizini, yana shabaha moja, nayo ni kumfanya shahidi ambaye kauli yake haitanguki.

Asili ya kazi hii yatoa ithibati ya haya ninayoyanena. Mwaka 1822 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukataza ng'ombe, farasi, punda na kondoo kutendwa kikatili, kwa juhudi ya mbunge mmoja aliyeitwa Richard Martin. Husimuliwa kwamba katika mojawapo ya kesi za mwanzo, mchuuzi mmoja alishitakiwa kwa kumpiga punda wake, na ilipoonekana kuwa mahakama inalichukua jambo lile kama mzaha, Martin aliagiza punda mwenyewe aletwe barazani, majeraha yake yakatazamwa kwa macho, na mshitakiwa akapatikana na hatia. Miaka miwili baadaye, 1824, chama cha kuwalinda wanyama kiliasisiwa London, na kasisi Arthur Broome, katibu wake wa kwanza, akatoa fedha zake mwenyewe kuwalipa watu wa kulikagua soko la ng'ombe la Smithfield, miaka mitano kabla jiji lile halijapata jeshi lake la polisi. Madeni ya chama hicho yakamfikisha kifungoni. Tangu siku zile, basi, ilikwisha kujulikana kwamba huruma isiyo na ushahidi huishia katika kicheko cha watu wa barazani. Na maadamu punda hawezi kupelekwa mahakamani kila siku, hapana budi kupelekwa mtu aliyemwona sawasawa.

Wala isidhaniwe kwamba rehema kwa mnyama ni bidhaa iliyoteremshwa melini kutoka Ulaya. Mchinjaji wa pwani amefundishwa tangu kale kukinoa kisu mbali na macho ya mnyama, na kutomchinja mmoja mbele ya mwenziwe. Na watoto wa madrasa wamesikia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia pasipo chakula, na za mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kilichokuja baadaye ni chombo cha kuitimiza rehema hiyo kwa nguvu ya sheria. Kenya ina chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama ambacho asili yake ni mwaka 1910, na ina sheria ya jambo hilo hilo katika Sura ya 360. Lamu, mji ambao punda ndiye hamali wa mchanga, saruji na mawe katika vichochoro visivyopitika gari, ilipata kituo cha kuwatibu punda mwaka 1987. Na Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008, ambayo imegusa ufugaji, usafirishaji, uchinjaji na majaribio ya kisayansi, ikawapa wakaguzi nafasi yao. Kijana na aisome sheria ya nchi yake mwanzo hadi mwisho, kifungu kwa kifungu, kabla ya kujifunza jambo jingine lolote, kwa sababu atakayoyaona baadaye hayatakuwa kosa kwa kuwa yamemchoma moyo, bali kwa kuwa yametajwa humo.

Baada ya sheria huja kipimo. Mwaka 1965 kamati ya Profesa Brambell iliitolea serikali ya Uingereza ripoti juu ya hali ya mifugo, na kutokana na ripoti hiyo zikazaliwa zile kanuni zinazoitwa Uhuru Tano, zilizotangazwa mwaka 1979 na baraza la ustawi wa mifugo la nchi ile na ambazo leo husomeshwa karibu kila mahali: mnyama asiteswe na njaa wala kiu, asiteswe na malazi mabaya, asiachwe na maumivu, jeraha wala maradhi, asizuiliwe kuishi kwa desturi za maumbile yake, na asitiwe katika hofu na dhiki. Wanafunzi wengi huzikariri kama mashairi ya mtihani, na hapo ndipo zinapopotea. Zifanye kuwa maswali matano unayoingia nayo zizini kwa taratibu ile ile kila siku: amekula nini na maji yako wapi, analala juu ya nini, anaumwa wapi, anaweza kugeuka, kulala na kukaa na wa jinsi yake, na anafanya nini akimwona mwenye fimbo. Mkaguzi asiye na taratibu huvutwa na donda kubwa linalotoa damu, akalipita birika lililokauka tangu juzi, ilhali kiu imekwisha kuwaonea mifugo arobaini waliosimama nyuma ya yule mmoja mwenye donda.

Jicho hufundishwa kwa mnyama mmoja mmoja. Chukua punda wa kukokota maji katika mikoa ya kati ya Tanzania, aliyefungwa kwenye gari lenye mapipa. Usimkimbilie. Simama mbali kwanza umtazame anavyosimama: anauweka uzito juu ya miguu yote minne, au anaupumzisha mguu mmoja wa mbele, jambo ambalo punda mzima halifanyi aghalabu, masikio yake yanakwenda huku na huku, au yameanguka ubavuni, anakula wanapokula wenzake, au ameinamisha kichwa tu. Ndipo umkaribie kwa upande wa bega, umwekee mkono shingoni, uupitishe polepole hadi mgongoni, mbavuni na kiunoni, kwa kuwa manyoya ya punda huficha mifupa na jicho peke yake hudanganyika. Unene wake hupimwa kwa daraja 1 hadi 5, na daraja hutolewa na vidole. Fungua mdomo utazame rangi ya ufizi. Hesabu pumzi zake baada ya kumpumzisha kivulini, kwani punda aliyetulia huvuta pumzi kiasi cha mara 20 kwa dakika, na joto lake la kawaida ni karibu nyuzi 37, chini ya lile la ng'ombe ambalo hufika 38 na nusu. Asiyeijua tofauti hiyo atamwona punda mwenye homa kuwa mzima. Na ujue kwamba punda ni mstahimilivu wa kuyaficha maumivu yake, hata anapoacha kula maradhi yamekwisha kwenda mbali.

Sasa litazame bega. Wahenga walisema kwamba ng'ombe haelemewi na nunduye, na nundu hiyo ndiyo inayoishika nira ya mti. Lakini punda hana nundu, naye hukokota kwa kifua, kwa hiyo akivishwa nira ya ng'ombe mzigo wote hulala juu ya mfupa wa shingo na bega, ngozi ikachunika, kidonda kikafungwa tena kesho chini ya mti ule ule. Mkaguzi anayelijua hilo haandiki kwamba mwenye punda ni mkatili. Huandika kwamba chombo si chake, na hushauri mkanda mpana wa kifuani ulioshonwa kwa gunia au kitambaa kizito, si kamba ya nailoni, pamoja na tandiko la mgongoni lililojazwa vizuri. Watu watamwambia kwamba asante ya punda ni mateke. Naye na ayasome mateke hayo: punda anayepiga teke kila aguswapo mahali pamoja ameonyesha mahali panapouma.

Mafunzo ya pili ni ya mnadani na barabarani, na mahali pazuri pa kuyapata ni mnada mkubwa kama wa Pugu, panapofika malori yaliyosafiri usiku kucha kutoka kanda ya ziwa na mikoa ya kati. Desturi ya mkaguzi mchanga ni kungoja ng'ombe washushwe ndipo awatazame. Lakini wakishashuka, nusu ya habari imekwisha kufutika. Panda utazame ndani kabla mlango haujafunguliwa: sakafu ina mchanga au majani, au ni bati tupu lililolowa mkojo, wenye pembe ndefu wametengwa na ndama, au wamechanganywa, wamefungwa kwa pembe kwenye vyuma kiasi cha aliyeanguka kushindwa kuinuka, mkia wa huyu umepinda kwa kusokotwa na mtu aliyetaka kumsimamisha. Soma kibali cha kusafirisha mifugo, utazame saa ya kuondoka na idadi iliyoandikwa, kisha uhesabu mwenyewe. Wakati wa kushusha, tazama kipandio, ukumbuke kwamba ng'ombe aliyelala asivutwe kwa mkia wala kwa mguu, na kwamba uamuzi wa kumpumzisha kwa kifo asiyepona ni wa daktari wa mifugo, nawe kazi yako ni kumwita upesi na kumzuia kila mwenye haraka ya kumburura mnyama huyo machinjioni.

Hapa ndipo inapokuja kalamu, ambayo vijana huidharau kuliko zana zote. Mkaguzi mmoja huandika hivi: Ng'ombe alikuwa katika hali mbaya sana na dereva hakuwa na utu. Mwingine huandika: Saa 3:40 asubuhi, dume mwekundu amelala ubavu wa kushoto, nyuma ya lori, amehimizwa mara tatu, hakuinuka, mkia umevunjika karibu na shina, juu ya nyonga ya kulia pana jeraha la upana wa kiganja, damu imekauka, dereva amesema mnyama ameanguka kabla ya Morogoro na hakusimamisha lori. Wa kwanza ametoa hukumu, na wakili wa mshitakiwa atamwuliza kwa upole, utu hupimwa kwa kipimo gani, na kesi itaishia hapo. Wa pili hakumlaumu mtu, lakini ameacha maneno ambayo hakimu akiyasoma baada ya miezi sita atamwona ng'ombe yule kana kwamba ameletwa barazani. Andika pale pale, kwa wino, usingoje jioni. Picha zipigwe kwa utaratibu huo huo: ya kwanza ya mbali inayoonyesha lori lote na namba yake, ya pili ya mnyama mzima, ya tatu ya jeraha na kitu cha kupimia ukubwa wake, kwa sababu picha ya jeraha peke yake, pasipo kujulikana ni la nani na lilikuwa wapi, haimtii mtu hatiani.

Tena iko elimu ya ulimi, ambayo haifundishwi vya kutosha katika vyuo. Mwenye mnyama si adui wa mkaguzi. Mara nyingi ni maskini kuliko yeye, na mnyama anayetaabika ndiye anayemlisha. Mkaguzi mwenye adabu humfikia hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu punda umekaa naye sana?"

"Kazaliwa hapa hapa. Mama yake ndiye aliyenijengea nyumba ile."

"Basi ni wa nyumbani huyu. Na donda hili la begani limeanza lini, mzee?"

"Tangu mvua za kwanza."

Yatazame maneno hayo machache. Mzee hakutukanwa, wala hakutishwa, naye amesema mwenyewe kwamba donda analijua na kwamba ni la muda mrefu. Kama nia yake ni njema, maneno hayo ni mlango wa kumfundisha kutengeneza mkanda wa kifuani, kuliosha donda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na kumpumzisha punda mpaka siku atakayorudi mkaguzi. Na kama atakutwa siku hiyo amemfunga tena nira ile ile juu ya nyama mbichi, maneno hayo hayo ndiyo ushahidi kwamba hakutenda kwa kutojua. Swali moja lililoulizwa kwa heshima limefungua njia mbili, ya ushauri na ya mashitaka, nayo hekima ya kazi hii ni kuianza ile ya kwanza kwa moyo mweupe bila kuifunga ya pili.

Rudi siku uliyoahidi. Hilo nalisisitiza kwa sababu onyo lisilofuatwa huwafundisha watu wote wa mtaa kwamba sheria ni maneno, na baada ya hapo mkaguzi mwingine atakayekuja ataanza kazi akiwa amekwisha kushindwa.

Jua vilevile mwisho wa mamlaka yako. Usiingie katika nyumba au ua wa mtu kwa ujasiri wa kitambulisho peke yake. Fuatana na mtendaji au mwenyekiti wa mtaa, na inapobidi polisi, maana ushahidi uliopatikana kwa njia isiyo halali huweza kumwokoa mkosaji. Na kabla ya kumkamata mnyama kwa amri ya sheria, jiulize atalala wapi usiku huu na nani atamnunulia majani, kwani hiki ni kielelezo chenye kula na kunywa, nacho hakiwezi kutiwa kabatini mpaka siku ya kesi. Mnyama aliyeondolewa kwa mwenyewe akafa kwa njaa katika ua wa kituo amedhulumiwa mara mbili, na dhuluma ya pili ni yako.

Tena uijue biashara inayosukuma ukatili, la sivyo utakuwa unafukuza matawi. Punda wa Afrika walichinjwa kwa wingi mno katika miaka ya karibuni kwa sababu ngozi yao huchemshwa kutengeneza dawa ya Kichina iitwayo ejiao, ilhali punda jike huchukua mimba karibu mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja. Kwa hiyo hakuna ufugaji ulioweza kuikimbilia kasi ya kisu, wezi wakaingia mazizini usiku, na wanawake waliokuwa wakichota maji kwa punda wakarudi kuyabeba kichwani. Mwezi wa Februari 2024 Umoja wa Afrika uliafiki kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Mkaguzi anayeyafahamu hayo, akikuta punda wengi wasio na alama wala mwenyewe wamefungiwa uani karibu na mpaka, atajua anatazama nini.

Ama hatari za kazi hii, kubwa ni kichaa cha mbwa. Asianze kazi mtu ambaye hajachanjwa kwa kinga. Na akiumwa au kukwaruzwa hata akiwa amechanjwa, na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku ile ile. Na akiombwa kushiriki katika kuwatilia mbwa wa mtaani sumu, awe na jibu la ilimu na si la huruma peke yake: kuchanja mbwa kiasi cha 70 katika kila 100 ndiko kunakoukata ugonjwa, ilhali sumu huwaondoa waliochanjwa na wasiochanjwa pamoja, na nafasi yao hujazwa na wageni. Hatari nyingine haina meno. Mnadani atapewa mkono wenye noti na kuambiwa ni ya chai. Na asiyekataa ya kwanza kwa uso mkunjufu na sauti ya kusikika na wote, hatakuwa na uso wa kuikataa ya pili. Tena atachoka moyo, kwa kuwa kila siku huyaona yale ambayo wengine huyapita. Na afanye kazi pamoja na mwenziwe, ayazungumze aliyoyaona, wala asijivunie kutolia.

Njia ya kuingia si ya siri. Mwenye cheti cha kidato cha nne na ufaulu katika sayansi aweza kusoma astashahada na kisha stashahada ya afya ya wanyama na uzalishaji katika kampasi za Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, kama vile Tengeru, Mpwapwa na Morogoro. Kenya kuna vyuo vya afya ya wanyama, cha Kabete kikiwa mashuhuri. Na mwenye alama za juu aweza kusomea udaktari wa mifugo kwa miaka mitano katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Mhitimu wa Tanzania husajiliwa au kuandikishwa na Baraza la Veterinari kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003, na wengi huanza wakiwa mabwana na mabibi mifugo wa kata kabla ya kuaminiwa ukaguzi. Usiidharau miaka hiyo ya kata, ya josho na chanjo, kwa sababu ndiyo itakayokufundisha mnyama mzima anafanana na nini, na asiyemjua mzima hawezi kumshuhudia mgonjwa.

Lakini kabla hujalipa ada ya chuo chochote, jipime bila gharama. Nenda kwenye mnada au kijiwe cha magari ya punda kilicho karibu nawe, uchague mnyama mmoja, uombe ruhusa kwa mwenyewe, umtazame kwa robo saa toka mbali hadi karibu, kisha uandike uliyoyaona katika ukurasa mmoja pasipo neno hata moja la lawama wala la huruma. Mpe ukurasa huo mtu ambaye hakuwako, umwombe akueleze mnyama yule ana hali gani na anahitaji nini. Akishindwa, jifunze kutazama upya kabla ya kufikiri habari ya ajira. Akikueleza sawasawa, peleka maombi yako.